Kuwatania Wafu Mashuhuri: Tuchague Kitabu Kipi?

Kikundi chetu cha usomaji hapa Moshi hukutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi barazani kwa mwalimu mmoja mstaafu, upande wa Rau, na kwa masika haya kimeamua kusoma hadithi za kubuni za kuchekesha ambazo wahusika wake ni watu mashuhuri waliokwisha kufa, ambao wakikutana ahera wanaendelea kujisifu, kugombana na kudaiana kana kwamba mauti hayakuwafunza lolote. Mimi nilipewa kazi ya kupitia vitabu vya aina hiyo na kuvilinganisha, ili tusije tukamaliza mvua zote tukiwa na kitabu kilichotushinda katika sura ya tatu, kama ilivyotupata mwaka jana. Ulinganisho wenyewe ndio huu, na umeegemea zaidi vitabu viwili, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyovijaribu kwa kuvisoma kwa sauti mbele ya watu. Vingine vinne nitavipitia kwa haraka, ingawa kimoja au viwili kati yake huenda vikamfaa msomaji mwingine kuliko hivyo nilivyovipa nafasi kubwa.

Kuna jambo la adabu linalotangulia vitabu. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na mwenzetu mmoja aliuliza tangu mwanzo iwapo inafaa watu wazima kukaa barazani wakiwacheka wafu. Mwalimu alimjibu kwa kumkumbusha utani wa msibani. Katika makabila mengi ya Tanzania, mtani anaweza kufika kwenye matanga akaiga sauti na mwendo wa marehemu, akataja madeni yake mbele ya wafiwa, hata akajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika, kwa sababu anayo haki hiyo. Si kila mtu anayo, hata hivyo: Mchaga anaweza kumtania Mpare, na Mpare akamrudishia, ilhali mgeni aliyeingia jana akisema maneno yale yale atatolewa kilioni kwa kushikwa mkono. Nimekiona kipimo hicho kuwa bora kuliko kingine chochote nilichokifikiria. Hadithi hizi ni utani wa msibani ulioandikwa, na swali la kuuliza juu ya kila kitabu ni kama msomaji wetu ana utani na wafu waliomo.

Kitabu cha kwanza ni cha kale. Lucian alizaliwa yapata mwaka 125 baada ya Kristo katika mji wa Samosata, kando ya mto Frati, mahali ambapo leo ni kusini-mashariki mwa Uturuki, na ingawa alikuwa Msiria aliandika kwa Kigiriki kizuri mno. Mazungumzo yake ya wafu ni 30, mengi yakiwa mafupi kiasi cha kusomwa kwa dakika tano hadi kumi, na hayana msimulizi: wafu wanasema wenyewe kwa wenyewe, kama katika tamthilia. Wenyeji wa humo ni Charon, mzee anayewavusha wafu kwa mashua yake; Hermes, anayewasindikiza kutoka duniani; na wanafalsafa wawili wasiokuwa na mali, Diogenes na Menippus, ambao hawana walichokiacha nyuma na kwa hiyo hawana cha kulilia. Wengine wote, yaani wafalme, matajiri, wanariadha na warembo, wanakuja kuchekwa na hao wawili. Tafsiri ya Kiingereza ya ndugu wawili wa ukoo wa Fowler, iliyotoka mwaka 1905, haina tena hakimiliki, nayo inapatikana bure mtandaoni.

Kitabu cha pili ni cha Mmarekani John Kendrick Bangs, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1922, mtu aliyefanya kazi ya uhariri wa vichekesho katika majarida ya kampuni ya Harper. Kinaitwa A House-Boat on the Styx, kilitoka mwaka 1895, kina sura 12 na michoro ya Peter Newell, na kilipendwa kiasi kwamba hadithi zote za namna hii katika Kiingereza zimepewa jina la mwandishi huyo. Humo wafu mashuhuri wa zama zote wameunda chama chao, wakajenga nyumba juu ya boti katika mto wa kuzimu, na huko wanakula, wanavuta tumbaku na kubishana. Charon, ambaye ni yule yule mvushaji, anaiona boti hiyo kwa mara ya kwanza na kuingiwa na hofu kwamba mshindani amekuja kumpokonya riziki yake ya kuvusha watu, kisha anapanda na kuelezwa kwamba ameteuliwa kuwa mtunza jengo. Nacho hakina tena hakimiliki na kinapatikana bure.

Vitabu hivi viwili vinafanana kwa mvushaji wao na kwa jambo moja la msingi, kwamba kifo hakimbadilishi mtu tabia. Baada ya hapo vinaachana kabisa. Bangs anawapa wafu wake mahali pa starehe na kuwaacha wajisemee, na kicheko chake ni cha watu walioshiba. Lucian anawavua wafu wake nguo zote mlangoni, na kicheko chake kina makali. Kwa Bangs mtu hubaki na jina lake, cheo chake na umaarufu wake, na ndiyo maana anachekesha. Kwa Lucian mtu anachekesha kwa sababu amepoteza vyote hivyo na bado anavikumbuka.

Niliwaletea wenzangu mfano mmoja wa kila upande, na matokeo yake yalinifundisha zaidi ya nilichokuwa nimejisomea peke yangu.

Siku ya Lucian ilianza vibaya. Duka la kutoa nakala nililolitumia lilikuwa limechanganya kurasa za nakala nne kati ya nane, na kwa kuwa mazungumzo yenyewe ni mafupi na wahusika wanajirudia, hakuna aliyegundua mpaka Hannibal alipoanza kudai nauli ya mashua. Tulipozipanga upya, Mwalimu alichukua sehemu ya Charon na kijana mmoja anayesomea uhasibu akachukua ya Menippus. Charon anadai oboli moja, ambayo ndiyo nauli. Menippus anajibu kwamba hana, na kwamba asiye nacho hawezi kunyang'anywa. Charon anatishia, Menippus anasema basi alipe Hermes aliyemleta. Kisha anakumbusha kwamba njiani alisaidia kukumba maji yaliyokuwa yakiingia mashuani, alishika kasia kidogo, na zaidi ya hayo alikuwa abiria peke yake ambaye hakulia. Mtu yeyote aliyewahi kupanda daladala kutoka Kiboriloni akiwa na abiria asiye na nauli anaijua hotuba hiyo neno kwa neno. Hakuna aliyehitaji kuelezwa Menippus alikuwa nani, wala aliishi karne gani.

Mazungumzo tuliyoyasoma baada ya hayo yana mandhari ambayo msomaji wa mjini kwetu ataiona mbele ya macho yake. Mashua ya Charon ni ndogo, kuukuu, inavuja, na abiria ni wengi, kwa hiyo Hermes anasimama penye ngazi na kumwamuru kila mmoja aache mizigo. Ni kama stendi ya Moshi katika juma la Krismasi, wakati kila Mchaga anarudi nyumbani na boksi, gunia na jogoo. Tofauti ni kwamba hapa mizigo ni ya namna nyingine. Mtawala wa kimabavu anaambiwa aache taji, joho, na baada ya hayo aache pia ukatili na kiburi. Mwanariadha anaambiwa aache minofu yake, maana mashua itazama. Mwanafalsafa mwenye ndevu ndefu anajidai hana mzigo, lakini anapopekuliwa anakutwa na majivuno, ujinga, maswali yasiyo na jibu na uongo mwingi, na mwisho zinatolewa ndevu zenyewe, ambazo Menippus anajitolea kuzikata kwa shoka. Hapo barazani kilichekwa kicheko ambacho kilimtoa mke wa Mwalimu jikoni kuja kuuliza kuna nini.

Lakini kilichonithibitishia kwamba Lucian ana utani nasi ni mazungumzo ya Mausolus. Huyu alikuwa mtawala wa Karia aliyezikwa Halicarnassus katika kaburi kubwa ambalo watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia, na huko kuzimu anataka aheshimiwe kwa ajili ya kaburi hilo. Diogenes anamwambia kwamba haoni faida yake, isipokuwa kwamba Mausolus amebebeshwa mawe mazito kuliko wafu wenzake. Hapa Uchagani, ambako marehemu hurudishwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza ili azikwe katika kihamba cha babu yake, na ambako kaburi lenye vigae na kivuli cha bati huangaliwa na majirani kwa jicho la kulinganisha, utani huo hauhitaji tafsiri. Mwenzetu mmoja ni fundi wa kuweka vigae, na sehemu kubwa ya kazi zake ni za makaburini. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Mwalimu, huyo Diogenes asije huku kwetu, ataniharibia kazi."

Siku ya Bangs ilikuwa tofauti, na sitaki kumwonea, kwa kuwa ni mwandishi mwenye ubunifu mwingi. Tulichagua sura ya tatu, ambamo George Washington anaandaa chakula cha jioni kusherehekea siku yake ya kuzaliwa na kuwaalika Napoleon, Confucius, Diogenes, Samuel Johnson na wengine. Pembeni ya meza kuu kuna meza ndogo ya Boswell, ambayo haina sahani wala vijiko bali karatasi, kalamu na wino tele, kwa sababu Boswell hata ahera hakuacha kazi yake ya kuandika kila kinachosemwa. Kwangu hicho ni kichekesho kizuri sana. Hata hivyo, ili kichekeshe, msomaji lazima ajue kwamba Boswell halisi alimfuata Johnson kwa miaka mingi akinukuu maneno yake, na kwamba mwaka 1791 alitoa wasifu wake mkubwa. Barazani kwetu hakuna aliyemjua. Mbaya zaidi, nilipotaja kuwa Johnson ni yule wa kamusi, nusu ya wenzangu walitikisa kichwa kwa furaha, na sura nzima ikaendelea mpaka Mwalimu akagundua kwamba walikuwa wakimfikiria Frederick Johnson, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 ilikuwa kwenye rafu za shule zetu zote, na si Samuel Johnson aliyetoa kamusi ya Kiingereza mwaka 1755. Tulicheka, naam, lakini tulichokicheka hakikuwa cha Bangs.

Mhusika aliyepokelewa vizuri ni Shakespeare, na sababu yake ni ya nyumbani. Tangu Mwalimu Nyerere alipotafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha kuwa Juliasi Kaizari mwaka 1969, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi, mzee yule wa Kiingereza amekuwa mtu wetu kwa kiasi fulani, na mzozo wa kuzimu juu ya nani hasa aliandika Hamlet ulisikilizwa kwa makini. Kadhalika Napoleon. Kwa wengine, nilijikuta kila baada ya aya moja ninasimama kueleza huyu ni nani, na maelezo yakawa marefu kuliko hadithi. Pana pia ugumu wa lugha: Bangs anachezea maneno ya Kiingereza cha Marekani cha karne ya 19, na mchezo wa maneno ukisimuliwa kwa lugha nyingine hubaki ganda, ilhali Lucian anachezea hali, na hali huvuka lugha bila nauli.

Kwa hiyo msomaji aliyesoma fasihi ya Kiingereza hadi kidato cha sita au chuo, anayesoma peke yake kitandani na simu iko karibu kwa ajili ya kutafuta majina, asiniache nimkatishe tamaa. Bangs atamfurahisha. Sura anayozozana Nuhu na Barnum, yule Mmarekani mwenye sarakasi, kuhusu wanyama wakubwa ambao hawakupata nafasi katika safina, ni ya mtu aliyekaa akaitafakari dhana yake hadi mwisho. Ila sura hiyo hiyo ndiyo iliyonipa wasiwasi mwingine. Kikundi chetu kina Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na kwa Waislamu Nuhu na Adamu, ambao wote wawili wamo katika boti ile, ni manabii, si wazee wa hadithi wa kuzungushwa mezani pamoja na mfanyabiashara wa sarakasi. Bangs hakuwaza kwamba kuna msomaji ambaye hana utani na Nuhu. Lucian kwa upande huo ni salama kabisa: miungu yake haina waumini waliobaki, na wafu wake hawana wafiwa.

Niliandika sentensi hiyo ya mwisho kisha nikalazimika kuitafakari upya, kwa sababu ya fuvu. Katika mazungumzo mengine, Menippus aliyefika juzi anamwomba Hermes amwonyeshe warembo waliosifiwa duniani, naye anaonyeshwa rundo la mifupa. Anasisitiza aonyeshwe Helen, mwanamke ambaye Wagiriki walimpigania miaka 10 huko Troy. Hermes ananyoosha kidole: fuvu hili hapa. Menippus anashangaa kwamba merikebu elfu moja zilijazwa watu kwa ajili ya kitu hicho. Ni utani mkali na umetungwa vizuri, lakini Moshi si mahali pa kuusoma bila kufikiri. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na wazao wake wanaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, nao wamekitafuta kwa miaka mingi. Tulipofika kwenye fuvu la Helen hakuna aliyecheka, na kijana aliyekuwa akisoma sehemu ya Menippus alipunguza sauti bila kuambiwa. Sidhani hilo ni kosa la Lucian. Yeye alikuwa akicheka jinsi mafuvu yote yanavyofanana. Sisi tunatoka mahali ambapo fuvu moja halifanani na mengine. Anayechagua kitabu hiki kwa ajili ya kikundi cha huku aiweke sehemu hiyo mwishoni, watu wakiwa wamezoeana na mwandishi, au ajiandae kwa mazungumzo marefu yasiyo ya kuchekesha.

Baada ya kimya hicho, mama mmoja anayefanya biashara ya ndizi sokoni, ambaye husikiliza zaidi kuliko anavyosema, aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kule kote mwanamke ni fuvu tu?" Swali hilo lilibadilisha hesabu yangu. Ni kweli kwamba wanawake wa Lucian katika mazungumzo haya ni wa kuhesabika na karibu hawana la kusema. Katika kitabu cha kwanza cha Bangs hali si bora sana, kwa kuwa chama kile ni cha wanaume, na wanakaa sura nzima wakijadili iwapo siku moja wanawake waruhusiwe kutembelea boti. Lakini mwishoni, wanaume wanapoondoka kwenda kutazama pambano la ngumi kati ya Goliathi na Samsoni, wanawake wanapanda kuikagua boti hiyo wenyewe, na wakati huo huo Kapteni Kidd na maharamia wake wanaiteka na kuondoka nayo pamoja nao. Kitabu cha pili, The Pursuit of the House-Boat cha mwaka 1897, kinasimulia msako wake, na sehemu kubwa yake iko ndani ya boti, pamoja na Malkia Elizabeth, Cleopatra, na Xanthippe mke wa Sokrate, ambao wana mengi ya kusema kuhusu wanaume. Anayeongoza msako ni mpelelezi Sherlock Holmes. Hapo mtu anaweza kuuliza imekuwaje mhusika wa kubuni afike kuzimu, na jibu linapendeza: Arthur Conan Doyle alikuwa amemuua Holmes kwenye maporomoko mwaka 1893, na hakumrudisha duniani kwa hadithi ya kueleza alivyonusurika hadi mwaka 1903, kwa hiyo mwaka 1897 Holmes alikuwa marehemu halali. Kwa maoni yangu kitabu hiki cha pili kinakizidi cha kwanza kwa msomaji wa huku, kwa sababu kina safari na kisa, na hakitegemei sana kujua nani alimwandikia nani wasifu.

Vile vinne vingine sasa.

Kama kikundi ni cha maigizo na si cha kusoma, achaneni na vyote nilivyotaja na mchukue Vyura, tamthilia ya Aristophanes iliyochezwa Athens mwaka 405 kabla ya Kristo. Mungu Dionysus anaona mji hauna tena mshairi wa maana, Euripides amekufa mwaka uliotangulia, basi anashuka kuzimu kumrudisha, na huko anakuta Euripides na Aeschylus wakigombea kiti cha ubingwa. Beti zao zinapimwa kwa mizani kama kahawa, na mwishowe Dionysus anarudi na Aeschylus badala ya yule aliyemfuata. Mnaoishi chini ya mlima huu mtapenda zaidi jambo dogo la mwanzoni. Mtumishi amechoka kubeba mizigo, kwa hiyo Dionysus anamsimamisha maiti anayepelekwa mazikoni na kumwomba awe mpagazi wao. Maiti anataka drakma mbili. Anapewa ahadi ya oboli tisa, ambazo ni drakma moja na nusu, naye anajibu kwamba ni heri afufuke, kisha anaendelea na safari yake. Nimewahi kusikia wapagazi wa Kilimanjaro wakijadiliana malipo pale getini, na ninaamini yupo ambaye angejibu hivyo hivyo.

Msomaji mwenye elimu ya Kiarabu au aliyelelewa madrasa atafute Risalat al-Ghufran, yaani Waraka wa Msamaha, ulioandikwa yapata mwaka 1033 na Abu al-Ala al-Ma'arri wa Syria, mshairi aliyepofuka utotoni kwa ndui. Alikuwa akijibu barua ya mwanazuoni mmoja aliyejiona mwema, na jibu lake linamchukua mwanazuoni huyo hadi peponi, ambako anazunguka akiwauliza washairi wa zamani, wakiwemo wa kabla ya Uislamu, ni kwa neno gani walisamehewa. Safari yenyewe ya kuingia ilikuwa ya taabu, maana alijaribu kumsifu Ridhwani, mlinzi wa pepo, kwa mashairi, na Ridhwani hakujua shairi ni kitu gani. Ni kicheko cha mtu wa ndani, anayeijua dini na lugha kwa undani, na ndiyo maana kinauma na kupendeza kwa wakati mmoja. Hata hivyo sehemu kubwa ni mijadala ya sarufi na beti, na kikundi chetu kisingefika katikati.

Kitabu cha Ali Mazrui wa Mombasa, The Trial of Christopher Okigbo, cha mwaka 1971, ndicho cha pekee hapa kilichoandikwa na Mswahili. Mshairi Okigbo wa Nigeria, aliyeuawa vitani Biafra mwaka 1967, anashtakiwa huko ahera ya Waafrika kwa kuiweka jamii yake mbele ya usanii wake, na anayepewa kazi ya kumtetea ni Mkenya anayeitwa Hamisi. Hakichekeshi. Nimekitaja kwa sababu kina wafu ambao ni wetu kabisa, na kwa mdahalo wa jioni moja hakuna kinachokishinda.

Cha mwisho ni To Your Scattered Bodies Go cha Philip José Farmer, pia cha mwaka 1971, ambamo karibu watu wote waliowahi kuishi wanafufuliwa siku moja kandokando ya mto mmoja mrefu mno. Ni hadithi ya visa zaidi kuliko vichekesho. Shujaa wake ni Richard Burton, yule Mwingereza aliyepita nchini kwetu akiongozana na Speke, akafika Ujiji mwaka 1858, kisha akatuandika kwa dharau nyingi. Kumwona akizinduka kando ya mto akiwa uchi, bila unywele mmoja mwilini, kuna utamu wake kwa Mtanzania, ingawa sidhani kama mwandishi alitukusudia sisi.

Nimependekeza hivi, na kikundi kimekubali. Machi na Aprili tutasoma mazungumzo 10 ya Lucian, tukianza na nauli ya Menippus na kumalizia na fuvu la Helen, na jioni hiyo ya mwisho Mwalimu ameombwa atusimulie anachokijua juu ya Mangi Meli kabla hatujafungua kitabu. Mei tutaingia The Pursuit of the House-Boat moja kwa moja, nami nitasimulia kitabu cha kwanza kwa robo saa ili asipotee mtu. Mama wa ndizi atasoma sehemu ya Xanthippe. Amekwisha kuniuliza ni mwanamke wa namna gani, na nilipomweleza alisema kwamba anamjua. Fundi wa vigae amejichukulia Charon. Nakala ziko kwangu, nimezitoa kwenye duka jingine, na kila ukurasa nimeuandika namba kwa mkono.